Mkono wa Wafula

Sisi tuliokulia Kitale zamani tulijua mavuno yamekwisha kwa sauti ya mashine ya kupukuchua mahindi. Ilivutwa na trekta boma hadi boma, na siku ikifika kwetu hakuna aliyelala. Baridi ya asubuhi ilituuma miguu mitupu. Mama alikuwa ameshabandika sufuria kubwa ya mahindi na maharagwe. Makapi yalitoka kwenye bomba la mashine kama moshi mweupe, yakatua juu ya paa, ng'ombe na nywele zetu, nasi tukarushiana magunzi hadi tukatoka manundu. Mjukuu wangu hapa Carrollton, Texas, huvaa koti kwenda kufungua friji.

Baba ndiye aliyekuwa dereva wa trekta, na injini ya trekta ndiyo iliyoizungusha mashine. Kila mwaka alisema, "Mkono ukiwa ndani, hakuna kugusa gia." Mwaka ule aliniruhusu kukaa kitini huku yeye akishona magunia. Mashine ikasakama. Kaka yangu Wafula akaniambia niitoe gia, nikaitoa, akaingiza mkono kuchomoa magunzi. Mimi nilikuwa nikiwatazama wenzangu. Nilitaka wanione nikiendesha. Nikarudisha gia.

Wafula alipoteza vidole vitatu. Walipokwisha kumpakia kwenye pikapu kwenda hospitali, baba alinigeukia. "Nani aliirudisha gia?"

"Haikuwa imetolewa," nikasema. "Aliingiza mkono tu."

Wafula aliporudi hakusema neno. Baba hakumruhusu tena kukaribia trekta. "Huyu hana makini," alikuwa akiwaambia wageni mbele yake, "mpeni ng'ombe." Mimi nikaenda sekondari, yeye akaenda malishoni.

Niliishi na jambo hilo miaka mingi, nikavuka nalo bahari kuja kwa binti yangu. Mumewe, Barasa, alinunua trekta dogo la bustani, kuukuu, kwa jirani aliyetoka majimbo ya kaskazini, likaja na kifaa cha kurushia theluji. Watu wa kanisani walimcheka. "Barasa, hiyo hapa Texas utapukuchulia nini?"

Mwaka jana theluji ikaanguka kweli, kidogo tu, haikufika kifundo cha mguu. Barasa akatoka mbio kama mtoto. Nilimwomba nikae kitini, akanikubalia. Theluji ikaruka kutoka kwenye bomba, nyeupe, ikatuangukia kichwani, na kwa dakika chache nilikuwa Kitale. Halafu bomba likaziba, maana theluji ya huku ni maji matupu. Barasa akaniambia nitoe gia, nikaitoa. Akainama, akaingiza mkono, injini ingali inanguruma.

"Toa mkono!" nilipiga kelele.

"Tulia, Mzee, haizunguki."

Nilizima injini. Nikashuka, nikaingia ndani, nikampigia Wafula. Kwao ilikuwa jioni.

"Kaka, ile siku ya mashine. Ni mimi niliyerudisha gia."

"Najua. Nilikuona. Ulikuwa unaangalia pembeni."

"Mbona hukusema?"

"Nilikungoja wewe." Nikamsikia akikohoa. "Halafu mzee akafa, nikaona hakuna haja tena. Umekula?"

"Bado."

"Nenda ukale."

Sisi wa rika langu tukikutana hupenda kuwasema watoto wa siku hizi, kwamba hawaogopi wazazi. Juzi mjukuu wangu alivunja bakuli. Akaja mwenyewe hadi sebuleni, akakiri, "Babu, it was me," akarudi kwenye katuni zake. Zamani ningesema hana adabu. Sisi tulimwogopa baba hata kivuli chake, na woga huo tuliuita heshima, tukajivunia. Baba alizikwa Kitale akiamini kwamba kati ya wanawe wawili, mzembe alikuwa Wafula.