Shamba Tuliloliruka Jumanne

Sisi wanawake wa upande huu wa Manga tuna egesangio. Ni kikundi cha kusaidiana shambani: leo tunachuma majani chai kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, mpaka zamu izunguke. Mwenye zamu hatoi chochote ila chakula cha siku hiyo. Kutangaza zamu ilikuwa kazi yangu, maana nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na watu hudhani mwalimu hakosei mpango. Hata mimi nilidhani hivyo.

Katika kikundi alikuwemo mke wa mwanariadha wetu. Mume huyo alikuwa akikimbia mbio ndefu ng'ambo, ndiyo kazi iliyomlisha, na siku akishinda hakuna aliyelima hapa. Nilimfundisha darasa la nne. Filimbi iliyomzungusha uwanjani miguu peku ilikuwa yangu, na sikuchoka kuwakumbusha watu. Alipoiletea shule tangi la maji nililia mbele ya wazazi wote. Nilimpenda kijana yule, sitaficha.

Mkewe alikuwa mkimya, mwepesi wa mikono. Akishajaza kikapu chake alikuja kuwasaidia wavivu, na mvivu wa kwanza nilikuwa mimi. "Mwalimu, chuma tu," alinitania. "Chai haingoji uiite majina."

Alhamisi moja asubuhi, mumewe akiwa amerudi nyumbani kwa muda, alipita kwangu akielekea kituo cha polisi. Mkono wa kushoto alikuwa ameushika kwa ule wa kulia, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa. Nilichukua leso yangu nikamfungia mkono shingoni.

"Mwalimu, hii si mara ya kwanza," alisema. "Leo naenda kusema."

"Nenda, mwanangu," nikamwambia. Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu.

Kufikia Sabato kanisa zima lilikuwa linanong'ona. Jumatatu redio ikafungua simu kwa wasikilizaji, nami nikasikiliza huku nikimenya ndizi. Mmoja alisema mwanamke anataka mali. Mwingine alisema amenunuliwa na watu waliochoka kushindwa na kijana wetu. Wa tatu, tena mwanamke, aliuliza kwa nini aseme wakati huu ambapo mashindano yamekaribia, kana kwamba mfupa huvunjika kwa ratiba. Hakuna aliyeuliza mkono wake unaendeleaje. Vijana wa bodaboda walikuwa wamebandika picha ya mwanariadha kwenye pikipiki zao, na chini yake wameandika kwamba wako naye.

Jioni ile, kwenye kituo cha majani chai, mwenzetu mmoja alisema, "Nani hapa hajapigwa? Na ni nani kati yetu aliyeenda kutangaza?" Alisema akicheka. Wengine wakacheka. Mimi nikaangalia kikapu changu.

Sasa, zamu ya Jumanne ilikuwa ya mke wa mwanariadha. Wanawake walinizunguka wakitaka kujua tutafanya nini. Tukienda, watu watasema tumesimama upande wake. Nikafikiri haraka, na fikira za haraka ndizo zimeniponza maisha yangu yote. Nikasema tusogeze zamu yake mbele kidogo, mambo yapoe, mwenyewe apate kupumzisha mkono. Niliona nimefanya la busara. Nilijiambia ni kwa ajili yake. Ukweli ni kwamba niliogopa, na hata sikumtumia ujumbe.

Jumanne tukaenda kwa mwingine. Shamba hilo liko ng'ambo ya kijito, linatazamana na la mke wa mwanariadha. Tulipoanza kuchuma niliuona moshi ukitoka jikoni kwake, moshi mwingi kuliko wa mtu mmoja na watoto wawili. Nikajua anatupikia. Watu kumi na wawili, kwa mkono mmoja. Baadaye akatoka nje, akasimama ukingoni mwa shamba lake, akatutazama. Niliinama nikaendelea kuchuma. Nilichuma vizuri siku hiyo kuliko siku zote.

Kwetu egesangio hairuki zamu ya mtu hivi hivi. Anayerukwa ni mwizi, au ni mtu wa uchawi. Nilizaliwa hapa, nalijua hilo kama jina langu, na bado nililifanya.

Wiki iliyofuata chifu aliwaita watu wa pande zote mbili. Mwanamke aliomba mambo mawili tu: abaki na watoto wake, na abaki kwenye shamba la chai alilolipanda mwenyewe mche kwa mche. Wakaanza kumsikiliza, nusunusu. Ndipo mzee mmoja wa ukoo wa mume alipoinuka. "Sisi wanaume twaweza kukosea," alisema. "Lakini hata egesangio yake imemruka. Wanawake wenzake ndio wanaomjua."

Vichwa vikatikisika kukubali. Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Leso yangu ilikuwa bado shingoni mwake, imebeba mkono uliotiwa plasta, kila mtu akiiona. Nilipaswa kusimama niseme kwamba zamu niliihamisha mimi, na kwamba mkono huo niliufunga mimi. Alinitazama mara moja. Nilikaa. Hadi leo nikikumbuka kiti kile najichukia.

Watoto waliachiwa mama mkwe. Mama yao akarudi kwa kaka yake, kule Nyaramba, na kesi ikafia njiani kwa kukosa wa kusema aliona nini. Mwanariadha alisafiri, akashinda tena, akapokewa kwa magari na vifijo. Shamba halikuchumwa. Chai isipochumwa hurefuka ikawa miti, na ile sasa inaonekana kutoka barabarani.

Mwaka jana nilikutana na yule mwanamke sokoni Nyaramba, amekaa mbele ya mafungu ya ndizi. Alisimama kunisalimu, kama ilivyo heshima. Mkono ulikuwa umepona vibaya, haukunyooka. Akauliza habari za watoto wake kabla ya kitu kingine. Nikamweleza wamekua, nikaanza kutafuta maneno ya kuomba msamaha. Akanitangulia.

"Mwalimu, Jumanne ile, kule kwa mwenzangu, mlishiba?"

Haikuwa kejeli. Nilimtazama vizuri nikaona anauliza kweli. Nikasema tulishiba.

"Basi ni sawa," akasema. "Nilidhani mmeanzia kule na mtavuka baadaye mkiwa na njaa. Sikuepua sufuria mpaka jioni."