Chai ya Bigirimana na Vikombe vya Karatasi

Kila jioni Pretty alirudi kutoka kazini na kikombe kitupu cha karatasi, na kila jioni babu yake alikipokea, akakisuuza, akakianika dirishani.

Kilikuwa kikombe kigumu, cheupe, na kifuniko chake kina tundu dogo la kunywea. Mzee Bigirimana alikuwa ameshona viatu pale Sonatubes, mjini Kigali, karibu miaka thelathini, na kitu kizima alikijua kwa kukishika tu. Hiki kilikuwa kizima. Kimetumika asubuhi moja, halafu kitupwe? Mikono yake haikuweza. Kabatini, palipokuwa na sufuria kubwa za marehemu mke wake Daphrose, sasa vikombe vilisimama kimoja ndani ya kingine, mnara mrefu ulioanza kuinama.

"Leo tena?" aliuliza.

"Leo tena, Babu."

"Ile ile?"

"Ile ile, kahawa yenye povu."

"Na povu unalipia?"

"Povu ndilo ghali," Pretty akasema, akicheka, akavua viatu mlangoni.

Bei aliwahi kuiuliza mara moja tu. Jibu lilimkalisha chini. Kikombe kimoja kilizidi kilo ya sukari, na kilo ya sukari ndani ya nyumba ile ilikaa wiki mbili. Lakini si bei peke yake. Siku moja alikuwa akivuka barabara akamwona Pretty kwa mbali, anatembea na anakunywa. Mtu mzima! Huko Karagwe alikokulia, wazazi wake wakiwa wakimbizi, mtu hakula wala kunywa njiani. Unakaa, unakunywa, unainuka, unakwenda. Hata hapa Kigali aliporudi alikuta ni hivyo hivyo.

"Watu wanakuona, mjukuu wangu."

"Kacyiru yote, kule kazini, wanakunywa hivyo, Babu. Hata bosi wangu."

"Bosi wako hana kiti?"

Pretty alicheka mpaka akamwegemea begani. Kumkasirikia mtoto huyu hakuwahi kuweza. Walimlea wao, yeye na Daphrose, tangu akiwa na miaka sita, mama yake alipokwenda Kampala akaolewa huko huko.

Daphrose alifariki kwenye mvua za Aprili. Kabla ya hapo, kila asubuhi alichemsha chai ya maziwa na viungo, akamimina vikombe viwili, wakakaa nyuma ya nyumba wakitazama mteremko na mabati ya majirani. Bigirimana hakuwa mtu wa maneno. Daphrose aliongea kwa niaba ya wote wawili, na ilitosha.

Alipozikwa, mzee alishika sufuria mwenyewe. Hakuwahi kuishika maishani. Lakini macho yalikuwa yameona: maziwa, majani, sukari, halafu kijiko kimoja kutoka kwenye mkebe wa kabatini. Akachemsha. Akamimina vikombe viwili. Akaonja kwanza, kama mwenyeji anavyoonja kabla ya kumpa mgeni, kisha akampa Pretty kwa mikono miwili.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi tangu siku ile. Pretty alipiga funda moja, labda mawili, akatazama saa ya ukutani.

"Nachelewa, Babu!"

Na mlango ukafungwa. Kikombe cha pili kikabaki kimejaa, kikipoa mbele ya mzee. Jioni kikaja cha karatasi.

Mzee alielewa alivyoelewa. Chai ya nyumbani imeshindwa na povu. Hakuisema, lakini ilimkaa. Alichotaka kilikuwa kitu kimoja tu: mtu wa kukaa naye kwenye chai ya asubuhi. Mambo mengine angeyavumilia.

Kisha Jumapili moja, wakitoka kanisani, Pretty alisema kwamba Aurore, mwenzake wa ofisini, amepata nyumba Kimihurura. Vyumba viwili. Wangeweza kuishi pamoja na kwenda kazini kwa miguu.

"Sijaamua, Babu."

"Sawa," mzee alisema.

Jioni ya Jumatatu alisuuza kikombe cha karatasi, akakisuuza tena, akakisuuza mara ya tatu, na kilikuwa safi tangu mara ya kwanza.

Ijumaa akasema, "Kesho nipeleke."

"Wapi?"

"Kwenye povu."

Pretty alimtazama, akafurahi waziwazi. Kesho yake ilikuwa Jumamosi isiyo na umuganda, hakuna aliyedaiwa kwenda kufyeka na majirani. Mzee alivaa koti la kanisani. Akabeba na mfuko. Ndani ya basi Pretty akachungulia, akaona chupa nyekundu ya chai, ile ya bibi yake.

"Babu, hiyo ya nini?"

"Ya kwetu."

Pretty akaufunga mfuko, akageukia dirishani. Mzee hakujua kwa nini.

Mkahawa wenyewe ulikuwa na viti vilivyopigiliwa kwa mbao za makasha, viti ambavyo yeye angevirekebisha kwanza kabla ya kumkaribisha mtu. Watu walikaa kila mmoja na kompyuta yake na kikombe chake, hakuna anayemsemesha mwenzake. Mhudumu alikuwa mwanamke wa Kenya, mnene, mchangamfu, sauti yake inasikika mpaka barabarani. Pretty alimwita Wambui.

"Pretty! Leo umetuletea nani huyu ametoka vizuri hivi?"

"Babu yangu."

"Karibu sana, mzee wangu. Keti, keti. Nikuletee nini?"

"Mletee yeye kwanza. Nione."

Kahawa ikaja. Juu ya povu palikuwa pamechorwa jani, na mishipa yake midogo. Mzee aliinama karibu nalo.

"Wamechora."

"Yego, Babu. Kila siku wanachora."

"Halafu unalinywa?"

"Nalinywa."

Akatikisa kichwa. Lakini Pretty aliponyanyua kikombe, mzee akamgusa mkono. "Ngoja kidogo." Akalitazama tena mpaka likaanza kutawanyika lenyewe.

Ndipo akatoa ile chupa nyekundu na kuiweka katikati ya meza.

"Ala! Mzee wangu," Wambui akasema, "hapa chai ya nje hatukubali."

"Si ya nje. Ni ya nyumbani."

Meza ya pili wakacheka. Wambui naye akacheka, akashika kiuno.

"Kaa uonje," mzee akamwambia. "Ukishaonja, uniambie mjukuu wangu anafuata nini hapa."

"Babu, acha tu. Wambui ana kazi." Pretty alikuwa ameshanyoosha mkono kuichukua chupa. "Twende nyumbani, Babu. Tafadhali."

Mzee alidhani anamwonea aibu. Akaivuta chupa kwake. Akamimina chai kwenye kifuniko, akaonja kwanza yeye kama desturi, kisha akampa Wambui kwa mikono miwili. Kwa heshima ile, nani angekataa? Wambui akapokea, akakaa ukingoni mwa kiti, akapiga funda.

Akatulia. Akapiga la pili, polepole.

"Mzee wangu. Nani amepika hii chai?"

"Mimi."

"Umetia nini?"

"Masala ya Daphrose. Ya kwenye mkebe."

"Hii ni masala ya pilau!" Sauti ikajaa mahali pote. "Binzari nyembamba hiyo, pilipili manga hiyo! Mzee, imebaki nyama na mchele tu, tukae tule!"

Mtu wa meza ya pili akapaliwa na kahawa. Wambui akajiziba mdomo. "Nisamehe, mzee wangu. Huu mdomo wangu huu."

Bigirimana hakumtazama Wambui. Alimtazama Pretty, na Pretty alikuwa anatazama ndani ya povu.

"Ulijua?"

"Ndiyo, Babu."

"Tangu lini?"

"Asubuhi ya kwanza."

Mzee akahesabu kimya. Ilikuwa Novemba. "Miezi saba."

"Miezi saba."

"Hukusema."

"Ningesemaje? Tangu tumzike Bibi ulikuwa hujasema neno. Siku tisa, Babu. Siku ya kumi nimeamka nimekukuta jikoni, ukaniambia, 'Chai iko tayari.' Kwa furaha niliyoipata, hata ungenipa maji ya kuoshea viatu ningekunywa." Akajifuta jicho kwa kiganja. "Nikajaribu. Kila siku nilijaribu. Ikanishinda. Ndiyo nikawa napita hapa kutoa ule ukali mdomoni."

Mzee alichukua kifuniko alichokiacha Wambui, akakigeuza vidoleni. Basi pesa zote zile. Povu lote lile, na majani ya kuchorwa. Alikuwa akizisikitikia kila jioni, kumbe zinatumika kumfichia yeye.

"Na wewe, Babu, hukusikia ladha?"

"Pua yangu iliuliwa na gundi ya viatu."

"Chai ya Bibi uliisikia. Tangawizi ikizidi ulimwambia."

Mzee akakirudisha kifuniko juu ya chupa, akakikaza.

"Tangu aende," alisema mwishowe, "vyote ladha moja."

Wambui aliinuka taratibu, akaenda kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

Kisha mabega ya mzee yakaanza kutikisika chini ya koti la kanisani. Pretty alishtuka, akadhani ni kilio. Kilikuwa kicheko. Alicheka bila sauti.

"Daphrose," akasema. "Daphrose angecheka mpaka akae chini."

"Angewaambia majirani wote."

"Na wa Karagwe angewapigia simu."

Walipoondoka, Pretty akanyanyua kikombe chake cha karatasi akitafuta pa kukitupa.

"Lete," mzee akasema.

Nyumbani walitoa mikebe kabatini. Ilikuwa miwili, yote ya zamani ya maziwa ya unga, yote ina rangi ile ile. Daphrose aliitenganisha kwa kunusa. Pretty akanusa wa kwanza, akapiga chafya. Akanusa wa pili, akatulia nao puani kwa muda, macho amefumba. Halafu akavua kibanio cha mpira kwenye nywele zake, akauzungushia ule wa pili.

"Huu, Babu."

"Huu."

Jumatatu asubuhi mzee alichemsha maziwa, akatia majani, sukari, na kijiko kimoja cha mkebe wenye mpira. Pretty alikuwa tayari amevaa, amesimama karibu na saa ya ukutani kama kawaida yake. Mzee akampa mgongo, akakoroga.

"Na nyumba ya Aurore?"

"Nitamwambia atafute mtu mwingine."

Mzee aliendelea kukoroga, ingawa sukari ilikuwa imeyeyuka zamani. Akamimina vikombe viwili, akavitoa nyuma ya nyumba. Akaonja kwanza. Akasimama na kikombe mdomoni, hasogei.

"Vipi, Babu? Tumekosea tena?"

"Tangawizi imezidi," mzee akasema.

Pretty alivuta kiti, akakaa, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini. Akaomba nyingine. Walitazama mabati ya majirani, na Pretty akaongea kwa niaba ya wote wawili, mambo ya ofisini, mpaka alipokumbuka saa akaruka.

"Sasa nimechelewa kweli!"

"Ngoja."

Mzee aliingia ndani. Akatoka na kikombe kimoja cha karatasi kutoka kwenye ule mnara, kimejaa chai, kifuniko juu.

"Babu! Ninywe barabarani, watu wananiona?"

Mzee akafikiri. "Ukifika. Ofisini kuna kiti?"

"Kipo."

"Basi. Ukae."

Alimtazama akishuka mteremko, kikombe amekishika mbele kwa madaha, kama amekinunua. Kisha akakusanya vyombo, akavipeleka kwenye beseni. Vikombe vilikuwa viwili, na vyote vitupu.