Kanga Niliyoivisha Moris

Nichekeni tu, nimestahiki. Ijumaa nilimpeleka bibi harusi Fumba kwa gari yangu kuukuu, Moris. Nilikuwa nimeipamba mwenyewe kwa kanga mpya, nikaikaza mbele ikafunika pua nzima.

Kufika Mwanakwerekwe, gari ikafoka mvuke kama birika. Nikakunja mikono ya kanzu, nikajitia ujuzi.

“Pampu ya maji hiyo!” nikatangaza.

Nikaongeza maji, nikakaza mkanda wa feni. Hatukwenda mbali, ikachemka tena. Bibi harusi anatota jasho.

Shangazi yake akateremka, akaitazama gari.

“Fundi, nikikufunga kanga puani hivi, utapumua?”

Akaifungua. Rejeta inayopoza injini ikapata upepo, gari ikaacha kuchemka, na harusi nzima ikanipigia vigelegele, bibi harusi akiongoza.