Maji Vuguvugu ya Mwezi wa Saba

Nyumbani kwetu Izia, mjini Sumbawanga, mwezi wa saba, maji ya ndoo yaliyolala nje hayaogeki. Ukijimwagia kopo la kwanza pumzi inakatika, la pili unaghairi. Nimezaliwa Kasense, mji huohuo, nimekulia kwenye baridi hiyo, na tangu utoto nilijua jambo moja tu kuhusu maji: yakiwa ya baridi yaogope, yakiwa na joto shukuru Mungu. Ndiyo maana nilikaribia kufa katika maji niliyoyapima mwenyewe nikaona yanafaa.

Mke wangu ni wa ziwani, kijiji cha uvuvi mbele kidogo ya Kasanga. Kila likizo ya mwezi wa saba tunashuka kwao. Tunatoka Sumbawanga na makoti, tunapita Matai tumejikunyata, tukianza kuteremka kuelekea Tanganyika tunavua masweta, na tukifika tunatafuta kivuli. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Mwaka wa kwanza nilishuka na kipimajoto nimekifunga ndani ya soksi, nikakitumbukiza ziwani mbele ya wavuvi. Kilisoma nyuzi ishirini na tano. Nikawatangazia kwamba bafu langu halijawahi kuona maji mazuri namna hii. Mmoja akacheka, akasema, "Sisi mwezi huu tunatetemeka, mwalimu. Njoo wa kumi na moja uone maji."

Sikumwamini mpaka tuliposhuka mwezi wa kumi na moja kwa harusi ya shemeji yangu. Nilikuta ishirini na nane, ziwa limetulia, watoto wamo majini tangu asubuhi. Mwezi wa saba ndio wa upepo wa kusini. Unavuma siku tatu hata nne mfululizo, unayasukuma maji ya juu yenye joto kwenda kaskazini, na ya chini yenye baridi yanapanda kushika nafasi yake. Haya niliyafundisha hata darasani, nikachora mishale ubaoni. Wanafunzi walinielewa vizuri.

Binti yetu alipofika miaka minane alitaka kuogelea kama wenzake wa kule. Nilikataa. Nilisema mtoto wangu haingii ziwani mpaka mimi mwenyewe nijue kuogelea, ili akizidiwa niweze kumfuata. Nilijiona baba mwenye busara sana. Mke wangu alimtazama mama yake, na mama yake akaendelea kugeuza dagaa kwenye kichanja.

Mama mkwe na mimi hatukuwa watu wa kuzungumza. Si ugomvi. Katika ukoo wao mama mkwe na mkwewe hawashikani mkono, hawatazamani usoni, na zaidi ya yote hawaonani wakioga. Namwamkia shikamoo nikiwa hatua kumi, naye anaitikia marahaba akiangalia dagaa wake. Akiwa na neno kwangu anampa mjukuu alilete, hata kama nimesimama palepale nasikia. Hata ziwani wanaume wanaogea upande mmoja wa mwamba mkubwa, wanawake upande wa pili, na mpaka huo hauvukwi.

Kwa likizo mbili nilijifundisha kuogelea upande wa wanaume, nimeshika jiwe napiga miguu. Kila jioni binti yangu aliniuliza, "Baba, tayari?" Nami nilijibu, "Bado kidogo." Naona aibu kuandika kwamba nilipenda kuulizwa.

Mwaka jana upepo ulivuma siku tatu. Asubuhi ya siku ya nne ukakatika, nikashuka peke yangu. Nilipima ukingoni, maji yakiwa magotini: ishirini na nne. Alfajiri moja ya wiki iliyotangulia nilikuwa nimevunja kibarafu chembamba kwenye sahani ya kuku pale Izia. Mwili wangu wa Kifipa, uliozoea baridi, uliniambia maji haya hayana neno, na mwalimu akausikiliza mwili. Nikaachia jiwe.

Hatua tano mbele sakafu ya ziwa iliisha. Pale palikuwa na maji mengine kabisa, ya baridi, yale ya kwenye mishale yangu. Mawimbi ya upepo uliokwisha yalikuwa bado yanarudi nyuma yakinivuta. Mguu wa kushoto ukakaza msuli. Nilipiga kelele mara moja, na nilipotaka kupiga ya pili nikameza maji.

Aliyesikia ni mama mkwe, aliyekuwa anateka maji na mjukuu wake upande wa wanawake. Alitokea juu ya mwamba, akaniona nilivyo, na chupi yangu, akageuka papo hapo akanipa mgongo. Nilijua nimekwisha. Nilifikiri, mwanamke huyu ataniacha nife kwa heshima.

Kumbe alikuwa anamwaga maji ya dumu na kukaza kifuniko. Alimkabidhi binti yangu dumu tupu, na mtoto akaruka nalo ziwani bila kupima chochote. Alikuja moja kwa moja, dumu mbele, kichwa juu, miguu inapiga bila haraka.

"Shika mkono wa dumu, baba! Usinishike mimi!"

Kutoka mwambani, mgongo bado umetugeukia, sauti ikauliza, "Amelishika?"

"Amelishika, bibi!"

"Mwambie aache kurusha miguu. Atulie kama gunia."

"Baba, bibi anasema utulie kama gunia."

Nikatulia kama gunia. Mtoto hakupigana na mawimbi. Alinivuta kwa ubavu, tukifuata ufuko, mpaka nikahisi mchanga chini ya visigino. Kitenge kikarushwa kutoka juu ya mwamba, kinyumenyume, kikaangukia karibu yangu. Mama mkwe hakugeuka hata mara moja.

Nilipoweza kusema nilimuuliza binti yangu nani alimfundisha.

"Bibi. Upande wetu. Wewe ukiwa kwenye jiwe lako."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule ulipokataa. Mama anajua."

"Sasa kila jioni ulikuwa unaniuliza nini?"

Alikamua nywele zake kwanza. "Bibi alisema nisikuvunje moyo."

Nilitafuta hasira nikaikosa. Nililia palepale mchangani nimejifunga kitenge cha mama mkwe, na sikujali nani ananiona. Baadaye nilisimama hatua kumi kutoka kwenye kichanja nikasema asante, mama. Aligeuza dagaa wachache. "Mwambie baba yako chai ipo," akamwambia mjukuu wake.

Mwaka huu tumeshuka tena, na safari hii mwalimu wangu ana miaka kumi na mmoja. Likizo yote amenifundisha kwenye maji ya kifuani, dumu likiwa chini ya kwapa. Leo asubuhi nimepima: ishirini na tano, hakuna upepo. Nimemwonyesha kipimajoto. Hakukitazama. Alitazama maji mbali, yanapobadilika rangi, akaanza kuogelea kuelekea huko kuyajaribu kwanza.

"Tayari?" nikamwita.

"Bado kidogo, baba."

Nikakirudisha kipimajoto kwenye soksi, nikakaa juu ya jiwe langu kumngojea.