Oili Nzito ya Fatehali

Fatehali hakuwa fundi magari. Kwao Tanga aliuza vitambaa, na hapa Mississauga, Kanada, alisimama nyuma ya kaunta ya duka la viatu mpaka akastaafu. Lakini mfungulie boneti tu, basi, utadhani injini aliizaa mwenyewe.

Gari lake lilikuwa Korola kuukuu, limekula kilomita laki tatu na ushei, na milango yake imeliwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Lilikunywa oili na petroli kwa pamoja, halafu likashukuru kwa moshi wa buluu. Mwanawe Riyaz, mtu wa benki, aliyekuwa na gari jipya lenye viti vinavyojipasha moto (siku hizi hata makalio yanataka hita), alishachoka. Ilipofika vuli ya mwaka 2007 akatoa amri. Aliitoa kwa Kiingereza, maana Kiswahili alikisikia vizuri sana, hasa akiitwa kula, ila kukisema hapana.

"Baba, likigoma mara moja tu kwenye baridi, nipe funguo, niliuze. Utakapotaka kwenda nitakupeleka mimi."

Nitakupeleka mimi! Fatehali alihisi kama amevuliwa kanzu sokoni. Kila Muharram, mwezi wa maombolezo, yeye ndiye aliyempakia dada yake Kanizfatema, msomaji wa marsiya, tenzi za kuomboleza, pamoja na wajane wawili wa jengo lao, akawafikisha msikitini, akawarudisha, akaombewa dua tele. Bila funguo angekuwa nani? Mzigo wa kiti cha nyuma, kando ya makombo ya biskuti za wajukuu. Aliliogopa jambo hilo kuliko kufa, na alimwambia hivyo hivyo mkewe Gulshan.

"Basi tia oili inayotakiwa, Baba Riyaz," Gulshan akasema. "Kitabu cha gari kinasema nyepesi. Na dukani wana ya magari yaliyotembea sana, nayo ni nyepesi vilevile. Nunua na filta mpya, yaishe."

"Aka! Nyepesi ni ya injini changa, mama. Injini ikizeeka inapwaya, ukiitia kitu kama maji itavuja yote. Sisi Tanga tulitia nzito, na gari likapanda Lushoto na kushuka."

Tanga, jamani. Mji ambao baridi yake kali kabisa ni ya kuzima feni.

Dukani alisimama mbele ya rafu muda mrefu kama anayemchagulia mwanawe mchumba. Ile oili ya magari makuukuu ilikuwa usawa wa macho yake, imeandikwa wazi kwamba inafaa kwa baridi. Akaitikisa chupa, akaisikiliza, akairudisha. "Chai ya hospitali hii," akanung'unika. Rafu ya chini kabisa, upande wa pikipiki, akaikuta nzito. Akaikumbatia.

Na filta je? Filta mpya ya nini? Enzi za uhaba kule nyumbani watu waliosha filta kwa petroli, wakaianika, wakairudisha, na dunia haikuisha. Basi mtaalamu wetu akaisuuza ya zamani, akaianika kwenye balkoni katikati ya majirani wenye maua yao.

Sasa sikilizeni, mimi sisemi uongo: moshi ulikata. Makelele ya injini yakatulia. Fatehali akavimba kichwa hadi kofia ikambana. Kila Alhamisi, kwenye rafu za viatu pale msikitini, akatoa darasa. Rafiki yake Gulamhussein, mwenye gari la umri uleule, akatia nzito. Wenzake wawili wakafuata. Wakatia, wakawasha, wakasikia kimya, wakamsifu. Na hali ya hewa, kwa unafiki wake, ikawavumilia.

Ashura, siku ya kumi ya Muharram, iliangukia Januari, na baridi ilikuja siku hiyo hiyo, baridi ya kukatisha pumzi. Asubuhi Kanizfatema na wajane wake, weusi kuanzia ushungi mpaka glavu, walikuwa wameshakaa garini nyuma ya jengo. Fatehali akasema bismillahi, akazungusha funguo.

Mng'uuu.

Akazungusha tena. Mng'u. Mara ya tatu hata huo mng'u haukutoka. Akafungua boneti, akavuta kijiti cha kupimia. Oili ilining'inia pale kama halua, haitaki kudondoka.

"Fatehali, zamu yangu itanipita," dada yake akaita.

"Linapasha mwili tu, Dada!"

Akakimbia juu, akateremka na birika la maji ya moto, akaimwagia injini. Maji yakaganda kabla hajamwambia Gulshan, aliyekuwa akichungulia kutoka balkoni, asimtazame vile. Akampigia Gulamhussein aje awachukue.

"Nilikuwa nakupigia wewe!" Gulamhussein akapiga kelele. "Langu limekufa! Na wale wawili wamenipigia, yao pia! Umetutilia nini, Fatehali?"

Akampigia mwanawe.

Riyaz alipowafikisha msikitini, wazee walikuwa wanashushwa mmoja mmoja na watoto wao, kama watoto wa chekechea. "Fundi amewasili," Gulamhussein akasema, wala hakutabasamu. Ndani, zamu ya Kanizfatema ilikuwa imeshasomwa na mtu mwingine. Mwaka mzima alikuwa amejifunza marsiya ile. Njia nzima ya kurudi hakumlaumu kaka yake hata kwa neno moja, na Fatehali, aliyebanwa kiti cha nyuma na wajane, alitamani amtukane.

Riyaz alilivuta gari mpaka gereji. Oili nzito ikamwagwa, nyepesi ya magari makuukuu ikatiwa, na filta mpya. Wiki iliyofuata, kwenye baridi iliyozidi ile, Fatehali akagusa funguo kidogo tu. Gari likawaka. Likanguruma taratibu, bila kukohoa. Fatehali akaupiga usukani kwa furaha, machozi yakimlengalenga.

"Umeliona? Liko zima kabisa! Lilikuwa linataka hivi tu!"

"Nimeliona," Riyaz akasema kwa Kiingereza chake. "Sasa litapata mnunuzi."

Na lilimpata. Urbanus, kijana wa Kikenya aliyekuwa akifanya kazi katika ghala moja huko Rexdale, alilizunguka, akalipigapiga magurudumu, akaliwasha mara mbili akitabasamu. Akateremsha kioo.

"Mzee wangu, huwa unaliwekea oili gani?"

Gulshan akatazama pembeni. Riyaz akakunja mikono, akangoja. Fatehali alimeza mate, na mate yenyewe yalikuwa mazito.

"Nyepesi," akasema. "Na filta mpya kila mara. Usimsikilize mtu atakayekuambia vingine. Hasa akiwa mzee."

Urbanus akashukuru, akaondoka nalo. Fatehali akalitazama mpaka lilipokata kona. Halafu akageuka, akaliendea gari la mwanawe kama alivyozoea kuliendea gari miaka yote, akashika kitasa cha mlango wa dereva.

Riyaz alikuwa amesimama nyuma yake, funguo mkononi.

"Upande ule, Baba," akasema, kwa Kiswahili safi kabisa.