Siku Baba Alipofurahi Kupewa Kisogo

Nakumbuka siku moja ya ujana wangu, mwanangu, nikitoka Gitega kurudi kwetu Muyinga, gari limejaa majora ya vitenge ya duka letu. Babu zetu walikuja nchi hii kutoka Bara Hindi wakiuza nguo, na sisi hatukuiacha kazi hiyo. Macho ya baba yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo usukani ulikuwa wangu peke yangu. Ng'ombe walikuwa wanavuka barabara, nikasimama. Lori lililokuwa nyuma yangu halikusimama.

Kichwa kilirushwa nyuma, kikarudi mbele kama tawi lililoachiwa ghafla. Damu haikutoka hata tone. Nikashuka, nikaokota majora yaliyoanguka, nikampoza dereva wa lori aliyekuwa akiomba radhi. Kesho yake asubuhi sikuweza kuinua kichwa kutoka kwenye mto.

Ami yangu alitaka kumleta mtu wa kuivuta shingo mpaka ilie. Baba akakataa, akanipeleka hospitali Gitega. Daktari akapiga picha, akasema mifupa ni mizima, ila nyama na kano za shingo zimevutika. Akanipa kola ya kushikilia shingo, niivae siku chache, kisha nianze mazoezi kwa kine, ndivyo tunavyowaita huku wataalamu wanaotibu viungo kwa mazoezi. Sikwenda. Nilirudi Muyinga na kola yangu, na zile siku chache zikawa miezi.

Hofu, mwanangu, ni mgeni asiyeaga. Mteja akiniita kutoka pembeni niligeuka mwili mzima kama kabati. Gari lilikaa chini ya turubai, na rafu za dukani zikaanza kubaki tupu. Msikitini, tukifika mwisho wa sala, wenzangu waligeuza nyuso kulia na kushoto kutoa salamu. Mimi niligeuza macho tu. Baba aliswali kuliani kwangu kila siku, akiyaona hayo. Ijumaa moja, tukivaa viatu, akaniambia kwa upole, "Yusufu, kobe asiyetoa kichwa hafiki malishoni. Kesho tunakwenda Gitega."

Dereva wa kukodi akatufikisha kwa gari letu, na baba akaniacha nalo kwa shangazi, mtaa wa Musinzira. Kine aliitwa Spès, mwanamke wa Gishubi aliyekulia Tanzania, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu. Alinipima mikono na mabega, akanivua kola taratibu, akaniuliza naogopa nini. Nikamwambia naogopa shingo itakatika.

"Haitakatika, kaka," akasema. "Ilikuwa imeumia, ikapona, na wewe ukaifunga. Sasa ni ngumu kwa sababu haifanyi kazi. Geuka mpaka uhisi inavuta kidogo, pumua, urudi. Maumivu madogo si kubomoka."

Alinifundisha kurudisha kidevu nyuma, kukaza mabega, kuweka kitambaa cha moto kabla ya kuanza. Nyumbani akataka nikae barazani na kuwafuata kwa macho na shingo wapita njia, tangu watokee kulia hadi wapotelee kushoto. Basi nikawafuata akina mama wa Itaba wanaopeleka ndizi sokoni. Wakaniona! Mtaa mzima ukasema kijana wa Kihindi wa Muyinga anachagua mke. Shangazi naye alisimama mlangoni akilalamika, "Shingo iko mgonjwa, we unaitikisa ya nini?" Mimi nacheka, nageuka.

Siku moja nilitaka kuyamaliza yote kwa pupa, nikaamka kichwa kinagonga kama ngoma. Nilidhani nimejiharibu. Spès hakunigombeza. Alipunguza mazoezi, akaniambia mwenda pole hajikwai, na kesho yake tukaendelea. Kidogo kidogo bega la kushoto likaonekana, kisha la kulia. Mwishowe alinikalisha ndani ya gari letu, uani kwa shangazi, akaniambia nirudi nyuma nikitazama juu ya bega. Nikarudi nyuma mpaka getini, shangazi akapiga vigelegele.

Baba alikuja kwa basi kunichukua, lakini mimi ndiye niliyemchukua. Niliendesha mpaka Muyinga, majora yamejaa nyuma. Ijumaa tukasimama safu moja, yeye kulia kwangu. Ilipofika salamu nikageuza uso kulia, nikaona sikio lake na ndevu zake nyeupe. Nikageuza kushoto mpaka kidevu kikafika begani.

Nje, baba alinishika mkono, macho yamelowa. "Miezi yote hii nikitoa salamu kushoto nilikuwa naona shavu lako," akasema. "Leo umenipa kisogo, mwanangu. Sijawahi kufurahi hivi kupewa kisogo."

Nilitembea kwenda dukani nikitazama huku na huku kama mfalme anayekagua nchi yake.

Basi nisikilize. Ukigongwa, usidanganywe na kutokuona damu. Nenda kwa daktari akutazame. Usimpe mtu yeyote shingo yako aivute kwa nguvu. Lakini ukishaambiwa mifupa ni mizima, usijifungie. Tafuta anayejua mazoezi, umtii, uvumilie siku mbaya, maana kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kiungo hupona kwa kutumika.

Mungu akulinde kwenye kona za milima yetu. Na ukiangushwa, akujaalie mikono mizuri ya kukuinua, na ujasiri wa kusimama tena. Amina.