Siku avenyi yetu ilipopigia kura maji ya Mama Vero

Wakuu, salamu kutoka Shituru, hapa Likasi. Haya nimeyaona mwenyewe, na chumvi nimeiacha jikoni.

Nianze na jambo nililolikana miaka mingi: ninaogopa watu wengi wakikubaliana.

Nilifundisha chuoni kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Nilisema kwa mbwembwe, miwani puani. Kumbe avenyi yetu, mtaa wetu huu, ilinielewa kuliko wanafunzi wangu.

Hapa kila Jumamosi tuna salongo, kazi ya pamoja ya kufagia na kuzibua mifereji. Jirani yangu Mama Vero haji. Anashika Sabato.

Basi Oktoba, jacaranda zimemwaga maua mpaka barabara imekuwa zambarau, tukaitwa mkutano. Hoja ilikuwa moja: asiyekuja salongo asichote kwenye bomba letu.

"Minye sikatale kazi," Mama Vero akasema. "Munipatie siku ingine."

"Mungu yake anapumzika Jumamosi?" akacheka Papa Donat, shefu, yaani mkuu wa avenyi, akilinyoshea bomba kidole. "Basi na robine ipumzike!"

Mikono ikapanda taratibu, kama ya watu wanaoogelea usingizini. Ilipendeza, naapa. Mimi sikuinua wangu, nilikuwa nahesabu. Kazi ya msomi.

Hoja ikapita, kisha wakanikabidhi ufunguo wa bomba.

Kesho yake Mama Vero alipanga foleni na bidoni yake, dumu la njano, kama vile hakuna kilichosemwa. Zamu yake ikafika. Hakuomba. Aliyatazama tu maji.

Nikamjazia.

"Weye mama profesa!" wakapiga kelele nyuma. "Si ulisema watu njo shefu?"

Nikamwita anayefuata. Jibu lilinijia jioni, nikamtumia Papa Donat ujumbe: naitisha kura nyingine, salongo ihamie Jumapili, saa ya misa. Vijana wanaotaka Jumamosi yao ya mpira wako wengi kuliko wanakwaya, naye Papa Donat ndiye anayeongoza kwaya.

Nilichojifunza? Wengi waamue siku ya kufagia, waamue hata rangi ya bomba. Ila kiu ya mtu na sala yake viwekwe mahali ambapo mkono ulioinuliwa haufiki. Kila mmoja wetu ana siku yake ya kuwa upande wa wachache.

Huko kwenu mpaka wa walio wengi uko wapi? Nipingeni, nimezoea.

Ujumbe wangu kwa Papa Donat ulijibiwa kwa simu, hivi. Nilikuwa barazani, ua moja limeangukia ndani ya chai yangu, nami nikiliangalia likizunguka. Alikuwa Papa Donat. Nyuma yake kwaya ilikuwa ikijaribu sauti.

"Profesa, ile kura usiiitishe."

"Na Mama Vero?"

"Achote. Siku yake ya kufagia atachagula yeye mwenyewe."

"Tuipigie kura hiyo?"

Nikamsikia akiwatuliza wanakwaya.

"Apana, mama. Ile haiko ya kupigia kura."